Namna ya Kuzima Kompyuta Isiyotaka Kuzimwa

Mwongozo huu umeandaliwa kwa faida ya mtu mmoja. Saa moja jioni amefunga hesabu za siku, kufuli liko mkononi, mlinzi ameshafika na blanketi lake, na kilichobaki ni kuzima kompyuta tu. Anafungua menyu. Kuna kufunga skrini. Kuna kutoka. Kuzima hakuna. Anafunga menyu, anaifungua tena polepole, kama mtu anayechungulia sufuria akidhani nyama imejificha chini ya mchuzi. Hakuna.

Mtu huyo ni mimi. Nina steshenari Kerende, upande wetu wa Mto Mara, jirani na mgodi wa North Mara ulioanza kuzalisha dhahabu mwaka 2002. Katika maeneo haya mashine kukesha si habari. Lakini yangu hukesha ikisubiri kutoa kopi za vyeti vya kuzaliwa, na bili ya umeme nalipa mwenyewe. Ni kompyuta ya mtumba iliyopitia mpakani Sirari. Ilikuja na Windows, ikauawa na virusi vya flashi za wateja ndani ya miezi mitatu, kisha shemeji yangu aliyesomea mambo hayo Mwanza akaiwekea Linux. Virusi vikakoma. Ndipo tukagundua kwamba mashine isiyougua ina kiburi.

Kama yamekukuta, fuata hatua hizi kwa mpangilio. Usiruke hatua. Mimi niliruka moja, na utaiona mwishoni.

Vinavyohitajika

Kibodi inayofanya kazi, hasa herufi s, y na t. Neno la siri la msimamizi wa mashine. Kama limeandikwa kwenye karatasi iliyobandikwa pembeni ya skrini, hongera, nusu ya kazi imekwisha, na usalama wako umekwisha nao. Vocha ya kumpigia shemeji. Shemeji.

Hatua ya 1: Hakikisha kweli hakipo

Kwanza ondoa shaka ya lugha. Huenda kitufe kipo ila kimeandikwa kwa lugha usiyoitarajia. Wapo waliohangaika ili tusifike hapa: mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya kazi za ofisi inayozungumza Kiswahili. Mwaka huohuo, mwezi Oktoba, lilitoka toleo la kwanza la Ubuntu, mfumo wa Linux uliochukua jina lake katika lugha za Kibantu, neno ambalo sisi tunaliita utu. Toleo hilo lilipewa jina la utani la ngiri mwenye sugu, na tangu hapo kila toleo hupewa jina la mnyama, kama vile kila rika la waliotahiriwa huku kwetu lisivyokosa jina lake. Mashine yangu ina Xubuntu, mdogo wake Ubuntu, anayekula kumbukumbu kidogo na kuvumilia kompyuta za kizee.

Hata ukikikuta kitufe kwa Kiswahili, neno lenyewe lina mtego. Mtu mzima ni mwenye afya. Taa iliyozima haiangazi mtu. Kompyuta nzima ni ile isiyo na ubovu, na kompyuta iliyozima ndiyo unayoitafuta muda huu. Kwa hiyo mteja akikuuliza kwa simu, "Mashine ni nzima?" jibu, "Nzima kabisa, ndiyo tatizo lenyewe."

Umetafuta kushoto, kulia, juu na chini ya menyu? Umebonyeza kulia kwa kipanya kila mahali mpaka kikachoka? Basi hakipo. Nenda hatua ya pili.

Hatua ya 2: Kataa ushauri wa waya

Ndani ya robo saa tangu tatizo lako lijulikane, watakuwa wamefika washauri watatu: dereva wa bodaboda, muuza chipsi na mwalimu mstaafu. Hawa hawajawahi kukubaliana juu ya siasa, mpira, wala bei ya mahindi. Katika hili watakuwa na kauli moja: "Chomoa waya, mura, twende."

Usichomoe. Unapohifadhi faili, kompyuta haikimbilii kuliandika kwenye diski papo hapo. Hulishikilia kwanza kwenye kumbukumbu ya muda likisubiri wenzake, kama hiace ya Tarime isiyoondoka mpaka ijae. Ukichomoa waya, umeiangusha hiace stendi na abiria ndani. Ni kweli kwamba diski nyingi za Linux zimepangwa kwa mfumo wa ext4, ambao huweka daftari la mambo uliyokuwa mbioni kufanya, ili mashine ikiwaka tena ijue lipi liliishia njiani. Lakini daftari hilo kazi yake ya kwanza ni kuliokoa gari. Abiria halikuwaahidi kitu.

Mshauri wa nne, aliyechelewa, atakuambia ushikilie kitufe cha kuwashia kwa sekunde nne mpaka mashine ikate roho. Huo ni waya uleule, umevaa suti tu.

Utaniuliza: mbona umeme ukikatika saa nane mchana hatusemi kitu? Umeme ukikatika, tunasema ni mambo ya Mungu. Waya ukichomoka, wateja wanajua aliyeuchomoa, na wanajua anakaa wapi.

Hatua ya 3: Jua unagombana na nani

Watu wengi hudhani kitufe kimepotea kwa hitilafu. Si hitilafu, ni adabu. Linux ya Linus Torvalds, iliyoanza mwaka 1991, ilirithi malezi ya Unix, na Unix ilizaliwa mwaka 1969 kwenye maabara za Bell huko Marekani, zama ambazo kompyuta moja ilitumiwa na watu wengi kwa pamoja, kila mmoja na kibodi yake. Katika nyumba ya namna hiyo, mtu mmoja kuamua kuzima kwa sababu yeye amemaliza ni sawa na kumwaga maji kwenye moto wa jikoni kwa sababu wewe umeshiba.

Kwa Wakurya jambo hili halihitaji maelezo marefu. Neno linalogusa watu wengi hupelekwa ritongo, watu wanakaa, wanauliza. Linux nayo ina ritongo lake, linaitwa polkit. Kila unapotaka kuzima, polkit hukaa kwa nukta moja na kuuliza maswali matatu. Huyu anayeomba amekaa mbele ya mashine, au anapiga kelele akiwa mbali? Kikao chake ndicho kilicho hai kwenye skrini sasa hivi? Na je, kuna mwingine aliyeingia, ambaye kazi yake itakatika? Ukijibu vizuri yote matatu, kwa kawaida unazima bila kuulizwa neno la siri. Ukikwama hata kwenye moja, utadaiwa neno la siri la msimamizi, na baadhi ya mifumo huona heri ikifiche kitufe mapema ili msiaibishane.

Ili kuona kikao chako kinavyosomeka mbele ya hawa wazee wa polkit, fungua terminali, lile dirisha jeusi linalowatisha wateja, uandike:

`loginctl`

Itakuorodheshea vikao vyote vilivyo wazi. Mimi niliona viwili. Cha kwanza changu, kinachoitwa "duka". Cha pili cha shemeji.

Shemeji, ieleweke, alikuwa Mwanza. Nilikuwa nimempigia dakika ishirini kabla, naye kwa moyo wa kusaidia akaingia kwenye mashine yangu kwa mbali, kwa akaunti yake mwenyewe, aone tatizo. Akaangalia menyu, akakaa kimya, kisha akasema kwa sauti ya daktari: "Shemeji, kwangu pia hakipo."

Kumbuka maswali matatu ya wazee. Yeye yuko mbali, kwa hiyo kuzima hakumhusu. Na kwa kuwa ameingia, mimi sasa ni mtu ninayetaka kuzima mashine yenye mtu mwingine ndani. Aliyekuja kuniokoa amekuwa sababu ya pili ya mimi kukwama. Nilimwomba atoke. Akatoka. Kitufe hakikurudi, lakini angalau ugomvi ukabaki wa watu wawili, mimi na mashine.

Hatua ya 4: Jifariji kwa historia

Hapa unaruhusiwa kupumzika na kunywa chai. Hujalaaniwa. Yamewakuta wakubwa.

Aprili 2011 watengenezaji wa GNOME, mojawapo ya sura zinazotumika sana kwenye Linux, walitoa toleo la 3.0. Kwenye menyu ya mtumiaji kulikuwa na kulaza kompyuta, kuizima hakukuwapo. Kulikuwapo kwa siri: ushikilie kitufe cha Alt huku menyu ikiwa wazi, na neno la kulaza linageuka kuwa la kuzima. Waliona kwamba mtu wa kisasa hana haja ya kuzima, analaza tu. Inaonekana hawakuwahi kulala mahali ambapo umeme nao hulala. Watu walilalamika, na baada ya matoleo kadhaa kitufe kikarudishwa hadharani.

Raspberry Pi, ile kompyuta ndogo kama pakiti ya sigara iliyoanza kuuzwa Februari 2012 na ambayo shule nyingi huipenda kwa kuwa inakula umeme kidogo, ilikaa zaidi ya miaka kumi bila kitufe chochote cha kuzimia mwilini mwake, mpaka lilipotoka toleo la tano mwaka 2023.

Na tusijidharau, kwa maana taifa letu ndilo lililowahi kupata kitufe kikubwa kuliko vyote. Kompyuta ya kwanza nchini, ICT 1500, ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Hesabu za Serikali zilipopelekwa kwenye mashine zikavurugika, na mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta. Wengine walikuwa wanazima mashine moja moja. Sisi tulizima hata zile ambazo bado hazijapanda meli. Ilichukua miaka marufuku hiyo kulegezwa, na nusu karne baadaye mimi nipo Kerende na kompyuta moja inayokataa hata kusinzia.

Hatua ya 5: Pita mlango wa uani

Kitufe ni picha tu. Anayezima ni amri iliyo nyuma yake, na amri huwa na mlango wake. Kwenye terminali andika:

`systemctl poweroff`

Kama umekaa mbele ya mashine na hakuna mwingine aliyeingia, itazima. Kwisha. Wengi huishia hapa na kwenda kulala, na siwalaumu.

Ipo pia amri ya kale ya `shutdown`. Ukiiandika yenyewe bila nyongeza, mashine haizimi papo hapo. Inatangaza kwamba itazima baada ya dakika moja. Ninaweza kushuhudia kwamba hiyo ndiyo dakika moja pekee Kerende nzima yenye sekunde sitini. Ukighairi, andika `shutdown -c` kabla haijaisha.

Amri nyingine zitaanza na `sudo`, yaani unaomba kufanya jambo kwa jina la mkubwa, nazo zitadai neno la siri. Tahadhari: unapoliandika, kwenye mashine kama yangu skrini haionyeshi kitu, hata nyota. Kibodi haijafa. Usipige meza. Nilikwisha kununua kibodi mpya kwa ajili hiyo, na ya zamani mpaka leo ni nzima, kwa maana zote.

Na kama skrini imeganda kabisa, hata terminali haifunguki, shikilia Alt pamoja na kitufe cha Print Screen, kisha bonyeza S, halafu U, halafu O, ukiacha pumzi kidogo kati ya herufi na herufi. S inawaandikisha abiria wa hiace kwenye diski, U inafunga milango, O inazima. Fanya hivyo mbele ya washauri wa hatua ya pili bila kueleza. Wataanza kukuita mtaalamu.

Lakini mimi sikuweza kuishia mlango wa uani. Nina binti anayenisaidia zamu ya jioni, na sikutaka kumfundisha dirisha jeusi kila nikisafiri. Nilitaka kitufe. Nikarudi kwa shemeji.

Hatua ya 6: Chungulia kioski

"Shemeji," akasema, "kama amri inazima na kitufe hakipo, basi wazee wa polkit hawana neno. Kuna mtu amekificha kwa makusudi. Angalia kioski."

Nilidhani ananitania. Sote tunajua kioski: kibanda chenye nondo, mteja anaona sabuni, anaona biskuti, hagusi, anaelekeza kidole. Kumbe Xfce, sura inayotumiwa na Xubuntu, ina hali iitwayo hivyohivyo, na kwa maana hiyohiyo. Msimamizi huweka nondo mbele ya vitufe asivyotaka wateja waguse. Haizuii amri, inaficha bidhaa tu. Faili lake hukaa hapa:

`/etc/xdg/xfce4/kiosk/kioskrc`

Nikalifungua. Lilikuwa na mistari mitatu.

`# shemeji kasema asizime mtu yeyote`
`[xfce4-session]`
`Shutdown=NONE`

Mstari unaoanza na alama ya reli si amri; ni maneno ya fundi kwa fundi mwenzake. Huyo fundi ni shemeji. Na shemeji yake ni mimi.

Ndipo nikakumbuka. Miaka miwili nyuma, siku ya mwisho ya maombi ya mikopo ya wanafunzi, duka limejaa mpaka mlangoni. Katibu wa kikoba cha kina mama anaandika katiba yao, amefika ukurasa wa kumi na moja, hajahifadhi hata mmoja. Mtoto aliyetumwa kutoa kopi akaona kitufe chekundu kizuri kwenye menyu. Ilinichukua wiki mbili kuweza tena kupita mbele ya kina mama wale bila kuvuka barabara. Jioni ile nilimpigia shemeji simu nikamwambia, kwa hasira, maneno ambayo alikuja kuyaandika kama yalivyo: asizime mtu yeyote.

Nami ni mtu. Kompyuta haikuwa na kiburi hata kidogo. Ilikuwa inanitii kwa miaka miwili, nami nilikuwa nimezoea kuondoka na kuiacha inawaka mpaka umeme uikatae wenyewe, na siku nilipoanza kuhesabu bili nikadhani nimeibiwa kitufe.

Hatua ya 7: Chagua wazee wako

Dawa ya haraka ni kufuta mstari wa mwisho, kitufe kirudi kwa wote. Usifanye hivyo kama bado una wateja wenye watoto. Kioski hukubali jina la kundi badala ya kusema hakuna, na kundi huandikwa kwa alama ya asilimia mbele. Kwa hiyo nilianzisha kundi, nikaliita kwa jina linalolistahili:

`sudo groupadd wazee`

Kisha kwenye faili nikabadilisha:

`Shutdown=%wazee`

Sasa kuzima ni haki ya wazee peke yao, jambo ambalo lingeeleweka hapa Kerende hata kabla umeme haujafika. Ikabaki kujiingiza mwenyewe kwenye kundi. Kwenye maisha uzee huchukua miaka sitini na ng'ombe kadhaa. Kwenye Linux ni mstari mmoja:

`sudo usermod -G wazee duka`

Ukishaandika, toka kwenye akaunti uingie upya, kwa sababu kundi jipya halitambuliki mpaka uingie tena. Hata mzee hasimikwi akiwa amekaa. Nikatoka. Nikaingia. Nikafungua menyu. Kitufe hiki hapa, chekundu kilekile. Mlinzi akasimama, akakunja blanketi, akapiga makofi.

Kwa furaha nikataka nimwingize na binti wa jioni kwenye kundi kabla sijafunga. Nikaandika amri kwa `sudo`. Neno la siri likakubaliwa, kisha mashine ikanijibu kwamba "duka" hayumo katika orodha ya wanaoruhusiwa.

Hii ndiyo hatua niliyoiruka. Kabla ya `-G` inatakiwa herufi moja ndogo, a, iandikwe `-aG`. Ukiiweka, unaongezwa kwenye kundi jipya na yale ya zamani yanabaki. Ukiisahau, unawekwa kwenye kundi jipya na kutolewa kwenye mengine yote, likiwemo lile la wasimamizi. Nimekuwa mzee kamili: naruhusiwa kuzima, siruhusiwi kitu kingine.

Nikampigia shemeji, yeye ana akaunti, anirudishe. Akasema angependa sana, lakini si msimamizi tena. Nilimwondoa mwenyewe mwaka jana tulipokosana kuhusu ng'ombe mmoja wa mahari. Akanisomea polepole utaratibu wa kujirudisha: mashine iwashwe katika hali ya uokoaji, ambamo unaingia kama mkubwa mwenyewe, ujiandike upya kwenye kundi la wasimamizi, safari hii na herufi a.

"Hatua ya kwanza," akasema, "zima kompyuta."

Hiyo naiweza.